Kutoka Dresa hadi Bingwa wa Figo

Watu wa milima ya wilaya ya Ileje walihudumiwa kwa muda mrefu bila daktari bingwa. Katikati ya miaka ya 1920, Dk. John Shircore akiongoza idara ya tiba ya Tanganyika, serikali ya Waingereza ilianza kufundisha madresa wa zahanati za serikali za wenyeji. Dresa alijua kuosha na kufunga kidonda, kugawa dawa chache, na kumpeleka hospitali mgonjwa aliyemshinda. Wanakijiji walimwita daktari, kama leo kila mwenye koti jeupe alivyo “dokta”, lakini mwajiri wake alimwandika dresa. Baadaye wakaja waganga wa vijijini na madaktari wasaidizi, maana madaktari hawakutosha na kazi ilibidi igawanywe. Naona mgawanyo huo ulifanya kazi kwa sababu kila cheo kilitaja mpaka wake, na mpaka huo ndio uliojulisha wakati wa kutoa rufaa.

Ubingwa wa figo ni jambo la juzi. Upandikizaji wa kwanza wa figo nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017, kwa msaada wa wataalamu kutoka India. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2018. Kabla ya hapo wagonjwa wa kupandikizwa walisafirishwa nje, hasa India. Kusafisha damu nako kuna mikono mingi: mgonjwa hukaa kwenye mashine kama saa nne, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, akiangaliwa na muuguzi na daktari wa zamu, huku bingwa akiamua kiasi cha maji ya kutoa na nini kifanyike mshipa ukiziba. Basi hospitali inapotangaza nafasi ya bingwa wa figo, daktari wa zamu huona maneno ya tangazo yanamgusa. Akiandika “nimehudumia wagonjwa wa kusafishwa damu kwa miaka miwili, chini ya bingwa”, ametumia maneno ya tangazo na amesema kweli. Akiandika “bingwa wa figo, uzoefu wa miaka miwili”, amefuta mpaka ule ule ambao cheo cha dresa kilikuwa kikiulinda.

Atajitetea kwamba mchujo, uwe wa kompyuta au wa ofisa mwenye rundo la barua, unatafuta maneno, na asiyeyaandika haitwi kwenye usaili. Hoja hiyo ina uzito. Ni haki kabisa kuazima lugha ya tangazo kwa kazi uliyoifanya kweli, na anayejieleza kwa unyonge anajinyima. Ila msako wa vyeti ulionyesha tatizo liko wapi. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Walikamatika kwa sababu Baraza la Mitihani lina kumbukumbu za vyeti vya shule. Uzoefu uliotiwa chumvi hauna baraza la kuulizwa hivyo. Leseni ya Baraza la Madaktari inaonyesha sifa na usajili. Mangapi umeyafanya kwa mkono wako hujulikana kwa daftari la mafunzo na wadhamini, ambao waajiri wengi hawawapigii simu.

Pingamizi zito zaidi linatoka Ileje kwenyewe: wilaya ya mpakani, ambayo wagonjwa wake wa figo wamezoea kupitia Mpemba kwenda Mbeya, si heri impate mwenye nusu ya ujuzi? Heri, tena sana, kama ataajiriwa kwa nusu hiyo. Daktari anayejulikana kuwa si bingwa atapima kreatinini mapema, atadhibiti presha na kisukari, na atampigia bingwa wa Mbeya kabla mgonjwa hajavimba miguu. Aliyeajiriwa kama bingwa atasita kupiga simu hiyo, kwa kuwa itamuumbua, na hospitali nayo itakuwa imeshafunga nafasi kwenye ikama ikidhani imejazwa.