Parafasia ya fonimu

Parafasia ya fonimu ni kosa la sauti katika usemi wa mtu mwenye afasia, yaani aliyepotewa na lugha baada ya ubongo kuumia, mara nyingi kwa kiharusi. Sauti hubadilishwa, hudondoshwa au huhama: kitabu kikawa "kibatu". Ulimi si lazima uwe umepooza. Kinachoyumba ni upangaji wa sauti, tofauti na disathria, ambayo ni tatizo la misuli. Kosa hili huonekana waziwazi katika afasia ya upitishaji, aliyoieleza daktari Carl Wernicke mwaka 1874. Mgonjwa wa afasia hiyo huelewa, hujisikia akikosea, hurudia: "fusuria… surufia… sufuria!" Lakini mwenye afasia ya Wernicke, aina nyingine ambayo huharibu uelewa wa lugha, mara nyingi hupitiliza tu, wala hashtuki.