Mkanda, Kadi na Daftari: Jinsi Picha za Harusi Zilivyopangwa Chanzuru

Ukiuliza historia ya video hapa Chanzuru, wilayani Kilosa, utasimuliwa habari za kamera: nani alikuja kwanza na ile ya kubeba begani, na taa yake ilivyowaumiza macho maharusi. Mimi naona historia yenyewe imo kwenye kazi ambayo mwenye sherehe haioni, ile inayofanyika baada ya ukumbi kufagiliwa na kabla ya kuhariri kuanza. Kuhesabu mikanda, kuiandika, kuiingiza kwenye mashine, kuipanga. Kumbukumbu za watu wa kata hii ziliokoka au kupotea hapo.

Kazi hiyo ni kongwe kuliko televisheni nchini. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, Meja L. A. Notcutt akisimamia utengenezaji. Picha ilikaa kwenye filamu ya milimita 16, sauti kwenye sahani za santuri, na viwili hivyo vilipaswa kwenda pamoja mbele ya watazamaji. Ninapoweka kinasa sauti mezani kwa MC na kamera ikabaki nyuma ya ukumbi, mzigo wangu ni uleule wa Vugiri: lazima nijue sauti ipi ni ya picha ipi.

Sisi tulianzia kwenye VHS. Fundi aliyenifundisha alikuwa mtu wa Kimamba, mwenye deki mbili na daftari la mistari. Deki moja ilicheza, nyingine ikarekodi vipande anavyovitaka, kimoja baada ya kingine. Ukigundua katikati kwamba umeruka keki, huwezi kuipachika. Unarudia kurekodi kuanzia pale hadi mwisho. Kwa hiyo hakugusa kitufe cha kurekodi kabla ya kuutazama mkanda wote, saa tatu nzima kama ni E-180. Aliurudisha mwanzo, akaweka kaunta sifuri, kisha akaandika: namba fulani bibi harusi anashuka kwenye gari, namba fulani shangazi anatoa nasaha. Daftari likikamilika, kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono tu.

Mkanda mdogo wa MiniDV uliingia sokoni mwaka 1995, kwetu ukachelewa. Ulikuja na kompyuta, na neno jipya la kazi likawa kuingiza. Mkanda wa saa moja uliingia kwa saa moja, ukala gigabaiti 13 hivi. Diski nyingi za wakati ule hazikupokea faili la zaidi ya gigabaiti 4, hivyo kila baada ya dakika 19 hivi faili lilikatika na lingine kuanza. Usipoyapa majina papo hapo, misa ya ndoa inachanganyika na ukumbi. Umeme ukikatika, unaurudisha mkanda nyuma. Vijana huicheka saa ile ya kusubiri. Mimi naitetea kwa moyo wote, kwa sababu ilitulazimisha kuona kila kitu tulichopiga.

Halafu mto Mkondoa ukafurika. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 maji yaliingia mji wa Kilosa, yakang'oa reli, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Baadaye watu walituletea mikanda yenye tope wakiuliza kama inafaa. Michache ilifaa, baada ya kufunguliwa, kusafishwa na kukaushwa polepole. Lakini maandishi ya wino yalikuwa yameyeyuka. Yaliyoandikwa kwa penseli yalisomeka. Mkanda mzima usio na jina ulibaki bila mwenyewe, maana nyuso za wageni hazisemi ni harusi ya nani. Tangu hapo naandika kwa penseli, na daftari halikai nyumba moja na mikanda.

Kadi za kumbukumbu zimeondoa saa ya kusubiri na kuleta hatari mpya. Kamera nyingi za mfumo wa AVCHD huanza kuhesabu upya kila kadi inapofutwa: 00000, 00001, 00002. Kamera mbili kwenye harusi moja zinatoa majina yaleyale, na ukimwaga mafaili yote kwenye folda moja, la pili linaweza kulifuta la kwanza. Tena hotuba ndefu hugawanywa katika mafaili kadhaa. Ukichomoa mafaili peke yake bila kunakili kadi nzima na folda zake kama zilivyo, sauti inaweza kukatika kwenye maungio. Kwa hiyo folda zangu huanza na mwaka, mwezi, tarehe, kisha Chanzuru au Rudewa au Ilonga, kisha shughuli. Ndani yake kadi ya kwanza, kadi ya pili, sauti, picha za mnato. Nakala moja hubaki kwangu, nyingine hupanda basi kwenda kwa dada yangu Morogoro, na kadi haifutwi kabla dada hajaniambia imefunguka.

Ngoma ya kumtoa mwali ina folda yake. Kina bibi ndio wanaosema kipi kipigwe na kipi kibaki uani kwao, na wakiniambia kipande kisitoke, hakiingii hata kwenye mradi wa kuhariri.

Sasa ndugu wote wanapiga kwa simu, na pengine picha bora ya bibi harusi akilia iko kwa mdogo wake. Wananitumia kwa WhatsApp: imebanwa hadi uso umefifia, na jina lake linabeba tarehe ya kutumwa. Nawaomba waje na simu zenyewe, kesho yake asubuhi kabla hawajapanda magari kurudi Dar. Nawakaribisha chai, naunganisha waya, na kila simu naipa folda yenye jina la mwenyewe na uhusiano wake na maharusi: mjomba wa bwana, shoga wa bibi, jirani wa Kimamba.