Bwana Mwengo bin Athumani na Watu Wake: Mtunzi wa Pate Aliyefichwa na Utendi Wake

Ikisiri

Utendi wa Tambuka umechunguzwa kwa zaidi ya karne moja, lakini mtunzi wake, Bwana Mwengo bin Athumani wa Pate, amebaki jina tupu. Makala haya yanakusanya ushahidi mchache uliopo kumhusu na kupima uzito wake: jina lake, tarehe ya mswada, mfadhili wake, mwanawe na watunzi wa zama zake. Hoja yetu ni kwamba maisha ya Mwengo hayawezi kuandikwa kama wasifu wa mtu mmoja, bali kama historia ya kundi la watu waliofanya kazi ya kitabu katika mji wa Pate. Aidha, tunaonesha kwamba desturi ya kuufasiri utendi huu kama mwito wa vita dhidi ya Wareno haina msingi imara.

1. Utangulizi

Utendi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali, umepata bahati ambayo mtunzi wake hakuipata. Utungo huu wenye beti zaidi ya 1,100 hutajwa karibu katika kila historia ya fasihi ya Kiswahili kama utendi mkongwe wenye tarehe. Ludwig Krapf, mmisionari aliyekaa Mombasa na Rabai, alipeleka mswada wake Ujerumani mwaka 1854. Carl Meinhof aliuchapisha mwaka 1911 na 1912. Rudi Paret aliandika juu ya asili yake ya Kiarabu mwaka 1927, na Jan Knappert akaufanyia tasnifu ya udaktari huko Leiden mwaka 1958. Wote hao walishughulika na maandishi: lugha yake, vina vyake na chanzo cha kisa chake. Aliyeyatunga hupewa sentensi moja au mbili, kisha msomaji huongozwa kwenye vita vya Mtume na Kaisari Herakli.

Upungufu huu una madhara. Mtunzi asipojulikana, kazi yake huonekana ama kama tafsiri iliyojiangukia kutoka Uarabuni, ama kama kipaji kilichozuka pasipo mji wala walimu. Mitazamo yote miwili inaiondolea Pate ya karne ya 18 jambo lililokuwa mali yake, yaani utaratibu wa kutunga, kunakili na kusomeana vitabu kwa Kiswahili. Kumtafuta Mwengo, kwa hiyo, ni kuutafuta utaratibu huo.

2. Tunachoambiwa na utendi wenyewe

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya utungo. Kwa kawaida ya tenzi, mtunzi hujitaja kwenye beti za mwisho, naye Mwengo alifanya hivyo: alitaja jina lake na la baba yake. Alieleza pia kwamba mfalme wa Pate, anayeitwa Laiti Nabahani, alitamani kuwa na utendi wa mashujaa wa mwanzo wa Uislamu, akampa kisa cha Kiarabu akigeuze kuwa mashairi ya Kiswahili. Mwanzo wa mswada unataja Yunga, ikulu ya Pate ambayo leo haipo, na mwaka wa Hijria 1141.

Maelezo haya ni machache lakini yana thamani kubwa, kwa sababu yanatuonesha kazi ikifanyika. Kuna mwenye kuagiza. Kuna kitabu cha Kiarabu mkononi mwake, na hivyo kuna hazina ya vitabu katika nyumba ya kifalme. Kuna mtu awezaye kukisoma Kiarabu na kukitia Kiswahili katika beti za mishororo minne, kila mshororo mizani minane, mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja na wa nne ukibeba kina kinachopita utendi mzima. Na kuna hadhira, kwani mfalme haagizi beti zaidi ya elfu moja kwa ajili ya macho yake peke yake. Kabla hatujajua lolote kuhusu kuzaliwa au kufa kwa Mwengo, tayari tunamwona akiwa katikati ya watu.

Hata hivyo, mtafiti hana budi kukumbuka udhaifu wa beti hizo. Kurasa za mwisho za kitabu ndizo huchakaa na kuanguka mapema. Isitoshe, ndizo ambazo mnakili huwa na uhuru wa kuongeza jina lake, kubadili tarehe au kufupisha dua. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia watafiti wa Ulaya tenzi nyingi za kale. Nakala za aina hiyo zinatufundisha kwamba mkono ulioandika na ulimi uliotunga vinaweza kutengana kwa karne nzima. Mwaka 1141, basi, ni mwaka wa mswada. Kuufanya mwaka wa utunzi ni uamuzi wa mtafiti, hata kama ni uamuzi wa busara.

3. Jina na nasaba

Ushahidi wa pili ni jina. Mtunzi anaitwa Bwana, si Sayyid wala Sharifu. Tofauti hii si ndogo. Mtunzi mwingine mkubwa wa Pate, Aidarusi bin Athumani, aliyeitia Kiswahili Hamziya ya al-Busiri, anatajwa kama Sayyid wa ukoo wa Sheikh Abubakari bin Salim, masharifu wenye asili ya Inat huko Hadhramaut. Kwa kuwa watunzi hawa wawili wote ni "bin Athumani" na wote ni wa Pate, ni rahisi kumfanya mmoja ndugu wa mwingine. Kishawishi hicho kinafaa kukataliwa. Athumani ni jina la khalifa wa tatu na lilikuwa la kawaida katika miji yote ya Kiislamu. Kulishiriki si hati ya nasaba. Nasaba ya kisharifu nayo haikuwa jambo la kusahaulika: aliyekuwa nayo aliitaja, na walionakili kazi yake waliitaja.

"Bwana" nalo lina maana yake. Wafalme wa Pate wenyewe walilitumia, kama inavyoonekana katika jina la Bwana Tamu. Lilikuwa jina la heshima la waungwana wa mji. Na jina lenyewe, Mwengo, si la Kiarabu, ingawa limekaa kati ya Athumani wa baba na Abubakari wa mwana. Mpangilio huo wa majina katika vizazi vitatu unatuonesha nyumba ya kiungwana ya pwani iliyosoma dini kwa Kiarabu bila kuacha kuwaita watoto wake kwa majina ya nyumbani.

Kwa hiyo Pate ya wakati huo ilikuwa na watunzi wa namna mbili angalau: masharifu waliofuata njia ya kaswida na mawaidha, na waungwana waliotumikia ikulu. Bila shaka walikutana msikitini na darasani, na walisoma vitabu vya aina moja. Lakini kuwachanganya katika ukoo mmoja ni kuupoteza utajiri wa mji uliowalea wote.

4. Mfalme aliyeagiza

Jina la Laiti Nabahani linaleta tatizo la tatu. Orodha za wafalme wa Pate tulizo nazo zimetokana na Habari za Pate, masimulizi yaliyoandikwa kutoka vinywani tangu mwishoni mwa karne ya 19, mengi yake yakitoka kwa msimulizi mmoja, Bwana Kitini, wa ukoo huohuo wa Nabahani. Masimulizi hayo yanataja jina Fumo Luti kwa wafalme wa baadaye. Laiti, kwa upande wake, linafanana na neno la Kiarabu lenye maana ya simba, na huenda likawa lakabu ya sifa badala ya jina la kuzaliwa. Mtunzi wa ikulu ana haki ya kumwita mfadhili wake simba. Mwanahistoria naye ana wajibu wa kutolijengea lakabu hiyo kiti cha enzi chenye miaka yake.

Funzo la kimbinu ni hili: orodha ya wafalme isitumiwe kuusahihisha utendi, wala utendi usitumiwe kuitengeneza upya orodha, mpaka kila chanzo kipimwe peke yake. Utendi ulishaandikwa mswadani zaidi ya karne moja kabla Habari za Pate hazijakusanywa. Kwa swali la nani alitawala Yunga mwaka 1141, sauti yake ina haki ya kusikilizwa kwanza.

5. Mwaka 1141 na Wareno

Sasa tufikie fasiri iliyozoeleka. Kwa kuwa utendi unahusu Waislamu wakipigana na Warumi wa Kikristo, na kwa kuwa mwaka wake hutafsiriwa kuwa 1728, wakati Wareno walipokuwa pwani, wasomaji wengi wameona ndani yake mwito wa kuwafukuza Wareno. Fasiri hiyo inavutia, lakini haipatani na matukio ya Pate yenyewe.

Waomani waliitwaa Fort Jesus ya Mombasa mwezi Desemba 1698. Miaka thelathini baadaye, Oman ikiwa imegawanyika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mfalme wa Pate alitafuta msaada wa Wareno wa Goa. Mapema mwaka 1728 merikebu zao zilifika Pate, na mwezi Machi wakairudia Mombasa. Yaani katika mwaka ambao Mwengo anadhaniwa kuwaitia watu jihadi dhidi ya Wareno, Wareno hao walikuwa washirika wa ikulu yake. Uhusiano uliharibika baadaye, Pate ikawageuka, na mwezi Novemba 1729 Wareno walipoteza Mombasa, safari hii moja kwa moja.

Hapa hesabu ya kalenda ina umuhimu. Mwaka wa Hijria 1141 ulianza Agosti 1728 na kumalizika Julai 1729. Kuandika "1728" pekee ni kuukata mwaka huo vipande viwili na kutupa kimoja. Mswada ungeweza kuandikwa wakati urafiki na Wareno ungalipo, au wakati umeshageuka kuwa uadui. Mwaka pekee hautuambii. Utungo wa urefu huu, nao, haukutungwa kwa siku chache. Basi hata tukikubali kwamba mwaka wa mswada ndio mwaka wa utunzi, bado hatuwezi kuuambatisha utendi na upande mmoja wa siasa iliyobadilika ndani ya miezi.

Maelezo mepesi zaidi yamo katika fani yenyewe. Visa vya maghazi, yaani vita vya Mtume na masahaba, vilikuwa vimeenea katika fasihi ya Kiarabu karne nyingi kabla Wareno hawajaiona pwani hii. Safari ya Tabuk ilifanyika mwaka 630, na kisa cha Herakli kilikuwa miongoni mwa vilivyopendwa. Mfalme aliyetaka kuonekana mlinzi wa dini na rafiki wa elimu alikuwa na sababu ya kutosha kukiagiza, awe na Wareno bandarini au asiwe nao. Hatusemi kwamba wasikilizaji hawakuwafikiria Wareno waliposikia habari za Warumi. Tunasema kwamba kuwaza kwa msikilizaji si nia ya mtunzi, na kwamba Mwengo anastahili kusomwa kama bingwa wa fani yake kabla hajafanywa msemaji wa siasa.

6. Mwana na warithi

Ushahidi wa mwisho ni ule uliobaki baada yake. Utendi wa Katirifu, unaohusu pia visa vya zama za Mtume, unanasibishwa na Abubakari bin Mwengo. Nasaba hiyo ikikubaliwa, tunaona ufundi ukipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana: fani ileile, mizani ileile, hazina ileile ya visa. Utunzi wa ikulu ungekuwa kazi ya nyumba, kama zilivyokuwa ufundi wa kuchonga milango na useremala wa vyombo vya bahari.

Watu wa Pate waliandika, na majirani zao vivyo hivyo. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, zinahesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyopo. Siyu, katika kisiwa hichohicho cha Pate, palikuwa na wanazuoni na wanakili wa misahafu. Baadaye Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, naye wa ukoo wa Sheikh Abubakari bin Salim, alitunga Al-Inkishafi akitazama magofu ya mji ambao Mwengo aliutumikia ukiwa na uhai.

7. Hitimisho

Tumemkuta Mwengo kupitia watu waliomzunguka: mfalme mwenye kitabu, masharifu waliokuwa majirani zake katika elimu, mwana aliyerithi kalamu, na wanakili waliomvusha hadi kwetu. Hiyo ndiyo picha ambayo ushahidi unaruhusu, nayo ni picha ya mtunzi aliyekuwa na kazi, mji na watu.

Hatua inayofuata ni ya uvumilivu zaidi kuliko ya nadharia. Beti za mwisho za miswada yote ya Tambuka na ya Katirifu zilinganishwe neno kwa neno, ili yaliyo ya mtunzi yatengwe na yaliyo ya wanakili. Vyuo vilivyomo majumbani Pate, Siyu, Faza na Lamu viorodheshwe hukohuko viliko, kwa ridhaa ya wenyewe, kabla chumvi na mchwa havijamaliza kurasa za mwisho. Katika kurasa hizo watunzi wa zamani waliandika majina yao, wakiamini kwamba atakuja msomaji wa kuwaombea dua.