Mizimu ya Daraja la Tsavo

Ukisafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi, baada ya kupita Voi utavuka mto uitwao Tsavo. Si mto mpana. Maji yake hutoka upande wa Mlima Kilimanjaro, yakakutana na mto Athi, na kuanzia hapo mto huitwa Galana. Mahali hapo palianza kujengwa, katika mwaka 1898, daraja la gari la moshi ambalo sifa yake imeenea nchi nyingi kwa ajili ya simba wala watu. Lakini wengi wa watu waliolijenga hawakusema kwamba waliwindwa na simba. Walisema waliwindwa na mizimu. Hayo ndiyo maneno nitakayo, msomaji, tuyapime pamoja.

Reli ya Uganda ilianzwa Mombasa mwaka 1896. Serikali ya Uingereza ilileta kutoka Bara Hindi wafanyakazi wapatao 32,000, na Waafrika wengi walifanya kazi pamoja nao. Machi 1898 Mwingereza aitwaye John Henry Patterson alifika Tsavo kusimamia ujenzi wa daraja. Haukupita muda watu wakaanza kutoweka usiku mahemani mwao. Mmoja wao alikuwa Ungan Singh, jemadari mwenye nguvu nyingi, aliyekamatwa kooni na kuburutwa nje huku wenzake wakisikia na wasiweze kumwokoa.

Wafanyakazi walizungusha maboma ya miiba, wakawasha mioto, wakapiga madebe usiku kucha. Yote hayakufaa kitu. Simba wawili madume, wasio na manyoya marefu shingoni, walipenya miiba na kuchukua watu. Patterson alipokesha penye kambi hii, kilio kilisikika kambi ile. Akatengeneza mtego wa vyuma vya reli, akatia askari ndani nyuma ya fito za chuma. Usiku mmoja simba akaingia, mlango ukaanguka nyuma yake. Askari wakafyatua risasi nyingi kwa umbali wa hatua chache tu. Risasi zikapiga kila kitu isipokuwa simba. Moja ikavunja chuma cha mlango, naye akatoka akaenda zake. Siku nyingine Patterson alimkuta simba karibu naye mchana, akamlenga kwa bunduki aliyoiazima, nayo isilie.

Sasa fikiri, msomaji, wewe ungesema nini? Ndipo yalipoenea maneno kwamba hao hawakuwa wanyama kamwe, bali ni roho za wakuu wawili wa nchi ile, waliokufa zamani, ambao walijigeuza simba ili waizuie reli isipite katika ardhi yao, na kulipiza kisasi kwa dharau waliyotendewa. Patterson hakuyasadiki maneno hayo, lakini aliyaandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1907.

Tarehe 1 Desemba 1898 wafanyakazi walimwambia kwamba wametoka kwao kufanya kazi ya serikali, wala hawakuja kuwa chakula cha simba au cha mashetani. Mamia yao wakalala juu ya reli mbele ya gari la moshi, likasimama, wakalipanda, wakaondoka. Kazi ikalala muda wa majuma matatu hivi. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba, na wa pili tarehe 29 mwezi huo huo. Daraja likamalizika Februari 1899. Ngozi za simba hao Patterson aliziuza mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Chicago, Marekani, nako wamo hata leo.

Elimu imetupa sababu ambazo watu wa kambi hawakuweza kuziona. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe na nyati wengi mno, na mawindo ya simba yakapungua. Simba mmoja alikuwa na jino la chonge lililovunjika, lenye maradhi, hata ikamwia vigumu kukamata wanyama wakubwa. Tena njia ya misafara ilipita Tsavo tangu zamani, na wachukuzi na watumwa waliokufa njiani waliachwa bila kuzikwa.

Basi je, hadithi ya mizimu tuitupe? La. Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Simba hawakuwa wakuu waliofufuka, lakini hasira iliyosemwa ilikuwa na haki yake, maana reli ilipitishwa katika nchi za watu bila ridhaa yao. Huko mbele Wanandi waliipinga kwa silaha, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Na angalia jambo hili: wengi walioisimulia hadithi ile walikuwa wageni kutoka ng'ambo, nao walikiri kwamba nchi ile ina wenyewe. Wakubwa wao hawakukiri.

Tazama pia hesabu ya waliokufa. Patterson alitaja Wahindi 28, akaongeza kwamba Waafrika walikuwa wengi, ila hawakuwekewa kumbukumbu yoyote. Baadaye alitaja watu 135. Mwaka 2009 wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria kwamba waliliwa watu 35 hivi. Urefu wa simba wa kwanza tunaujua hata kwa inchi, lakini majina ya Waafrika wale hatunayo.

Kwa hiyo, msomaji, utakapovuka mto Tsavo, usiogope mizimu ya wakuu wawili. Wakumbuke wale waliochukuliwa usiku na ambao hakuna aliyeshika kalamu kuwaandika.