Manga na Katuni za Magharibi: Je, Wasomaji ni Walewale?

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, neno manga si geni. Tunalo katika pilipili manga, na watu wa pwani waliwaita Waarabu wa Omani Wamanga. Manga tunayoizungumzia katika makala haya ni nyingine kabisa. Ni neno la Kijapani lenye maana ya michoro huru isiyofuata urasmi, na mchoraji Katsushika Hokusai alilitumia katika jina la vitabu vyake vya michoro vilivyoanza kutolewa mwaka 1814. Siku hizi neno hilo hutaja hadithi za katuni za Kijapani. Kufanana kwa maneno haya mawili ni sadfa tu.

Swali tunalolijadili ni hili: je, watu waliozoea kusoma katuni za Marekani na Ulaya huifurahia manga pia? Wengi hulijibu kwa kigezo cha ladha, kwamba huyu anapenda na yule hapendi. Sisi tunaona kwamba linafaa kujibiwa kihistoria, kwa sababu jibu lake limekuwa likibadilika kulingana na namna manga ilivyofikishwa kwa msomaji. Jambo hilo linamhusu kila mwalimu wa lugha na kila mfasiri.

Kwanza, ieleweke kwamba pande hizi mbili hazikuwahi kutengana kabisa. Osamu Tezuka (1928-1989), anayehesabiwa kuwa baba wa manga ya kisasa, alivutiwa sana na filamu za Walt Disney, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alichora toleo lake mwenyewe la Bambi. Hadithi yake ya mvulana roboti, iliyoanza kutolewa mwaka 1952, ilifanywa kuwa filamu za televisheni mwaka 1963, na mwaka huohuo watoto wa Marekani wakaanza kuzitazama kwa jina la Astro Boy. Hivyo basi, picha zilitangulia na kitabu kikafuata miaka mingi baadaye.

Wimbi la kwanza la vitabu liliingia Marekani kupitia mlango wa wasomaji wa katuni. Mwaka 1954, baada ya malalamiko kwamba katuni zinaharibu watoto, wachapishaji walijiwekea kanuni kali za udhibiti. Maudhui yalipungua upana, na mashujaa wenye nguvu za ajabu wakatawala. Kuanzia miaka ya 1970 katuni zilihama taratibu kutoka vibanda vya magazeti hadi maduka maalumu, ambayo wateja wake wengi walikuwa wavulana na wanaume. Ni katika maduka hayo ndipo manga ilipopelekwa. Frank Miller, mchoraji aliyekuwa akiheshimiwa sana na wasomaji hao, alionyesha athari za manga katika Ronin (1983-1984), kisha akachora majalada ya hadithi ya Kijapani ya Lone Wolf and Cub ilipoanza kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1987. Mwaka uleule kampuni za Eclipse na Viz zilishirikiana kutoa manga tatu, na mwaka 1988 tawi la Marvel liitwalo Epic likaanza kuchapisha Akira ya Katsuhiro Otomo.

Wachapishaji hawa walimhofia msomaji wao. Kijapani huanza kulia na kuelekea kushoto, kwa hiyo walizigeuza kurasa kama picha katika kioo ili zisomwe kutoka kushoto. Kitabu kinene kilikatwakatwa kuwa vijarida vyembamba. Akira, ambayo sehemu kubwa yake ni nyeusi na nyeupe, ilitiwa rangi na Steve Oliff. Matokeo ya kugeuza kurasa yalikuwa ya kuchekesha na ya kusikitisha kwa pamoja. Wapiganaji wote wakawa wa mkono wa kushoto. Kimono, ambayo Wajapani walio hai hufunga upande wa kushoto juu ya ule wa kulia, ikaonekana imefungwa kama avishwavyo maiti. Pamoja na gharama hiyo yote, waliovutiwa walikuwa sehemu ndogo tu ya wasomaji wa katuni.

Wimbi la pili lilikuja kwa njia tofauti. Katika miaka ya 1990 watoto wa Marekani walitazama Sailor Moon, Dragon Ball Z na Pokémon kwenye televisheni. Mwaka 2002 kampuni ya Tokyopop iliamua kuachana na kugeuza kurasa. Ilitoa vitabu vidogo vinene, vya rangi nyeusi na nyeupe, visomwavyo kutoka kulia, kwa bei ya dola 9.99. Ukurasa ambao Mmarekani angeudhani kuwa wa kwanza ulimwonya kwamba ameanzia mwisho, ukamwelekeza namna ya kusoma. Vitabu hivyo viliuzwa katika maduka ya kawaida ya vitabu, na wasichana wengi, ambao hawakuwa na chao katika maduka ya mashujaa, wakavinunua. Wengi wao hawakuwa wasomaji wa katuni hata kidogo. Manga ilikuwa imejizalia wasomaji wake yenyewe. Mwaka 2011 duka kubwa la Borders lilipofilisika, soko hilo lilitikisika, na Tokyopop ikasimamisha uchapishaji wake Marekani mwaka huohuo. Hata hivyo, wasomaji hawakutoweka, na mwaka 2021 mauzo yalipanda tena kwa kasi.

Ufaransa inatupa mfano mwingine. Huko katuni zilikuwa zimekwisha kuingia katika maduka ya kawaida ya vitabu, zikisomwa na watoto pamoja na wazazi wao. Televisheni ilitangulia huko pia: Goldorak mwaka 1978, kisha kipindi cha Club Dorothée kati ya 1987 na 1997. Wapo waliopinga. Mwanasiasa Ségolène Royal alitoa kitabu mwaka 1989 akizishutumu filamu za katuni za Kijapani. Lakini Glénat, mchapishaji wa katuni za Kifaransa, alianza kutoa Akira mwaka 1990 na Dragon Ball mwaka 1993. Tamasha la katuni la Angoulême lilimtuza Jirô Taniguchi mwaka 2003, likampa Otomo tuzo yake kuu mwaka 2015, na Rumiko Takahashi mwaka 2019. Kufikia mwaka 2021, zaidi ya nusu ya vitabu vya katuni vilivyouzwa Ufaransa vilikuwa manga.

Jibu letu, basi, ni kwamba baadhi ya wasomaji ni walewale, hasa pale ambapo vitabu vya aina zote mbili hukaa katika rafu moja. Lakini umati mkubwa ulipatikana pale mchapishaji alipoacha kuificha asili ya kitabu, akamfundisha msomaji namna ya kukisoma na kukiuza mahali anapopita.

Kwetu sisi walimu wa Kiswahili, fundisho hili liko karibu. Babu zetu waliosoma tenzi katika hati za Kiarabu walianzia kulia, wala haikuwa ajabu. Kijapani kina utajiri wa tanakali za sauti, hata kimya kina tanakali yake, shiin. Mfasiri wa Kiingereza hutaabika hapo, ilhali Kiswahili kina kimya jii tayari. Mara nyingi tunapomwandalia mgeni matini ya Kiswahili tunaondoa methali, tunaondoa tanakali, tunasawazisha ngeli, tukidhani tunamsaidia. Huko ni kuigeuza kurasa. Mwanafunzi anabaki na Kiswahili chepesi kisichozungumzwa na mtu yeyote, kisha akifika sokoni Kisangani au Mombasa hasikii kitu. Afadhali tumwachie matini kama ilivyo, na tumwandikie ukurasa mmoja wa kumwonyesha pa kuanzia.