Nchi Jirani: Lusaka na Hesabu ya Wafu Wake

Serikali inayotaka kuwaongoza watu wake wakati wa msiba haina budi kujua kwanza ukubwa wa msiba wenyewe. Jambo hilo huonekana jepesi, lakini historia ya magonjwa ya mlipuko yaonyesha kwamba mara nyingi limekuwa gumu kupita kiasi. Jirani Zambia imeyaonja magumu hayo, na yaliyotokea katika mji wake mkuu wa Lusaka mwaka 2020 na 2021 yana mafunzo kwa kila nchi ya sehemu hii ya Afrika.

Zambia ilithibitisha wagonjwa wake wawili wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 18 Machi 2020, juma moja tu baada ya Shirika la Afya Duniani kutamka kwamba ugonjwa huo umekuwa janga la ulimwengu mzima. Katika miezi iliyofuata, hesabu rasmi ya vifo ilibaki ndogo, kama ilivyokuwa katika nchi nyingi za Afrika. Hapo wakatokea wataalamu wa kueleza muujiza huo. Wengine walisema ni jua kali. Wengine wakasema ni chanjo ya kifua kikuu wanayochanjwa watoto. Wengine wakataja wingi wa vijana. Ni wachache waliouliza swali lililopaswa kutangulia yote hayo: je, Afrika imesalimika kweli, ama wafu wake hawajahesabiwa?

Swali hilo si geni. Katika tauni iliyoupiga mji wa London mwaka 1665, makarani wa parokia waliandika mazishi 97,306, na kati ya hayo 68,596 yalitajwa kuwa ya tauni. Lakini mwaka uliotangulia, 1664, mji huo ulikuwa umezika watu 18,297 tu. Basi ongezeko la mwaka mmoja lilikuwa watu 79,009, yaani zaidi ya elfu kumi kupita wale waliokubaliwa kuwa wamekufa kwa tauni. Sababu yake haikuwa siri. Nyumba iliyogunduliwa kuwa na tauni ilifungwa na kuwekwa alama ya msalaba mwekundu, na waliomo ndani, wazima kwa wagonjwa, walizuiliwa humo siku nyingi. Kwa hiyo jamaa walificha ugonjwa, na wanawake maskini waliopewa kazi ya kukagua maiti waliweza kuhongwa ili waandike maradhi mengine. Jina la ugonjwa liliweza kufichwa, lakini kaburi halikufichika.

Hapo ndipo ulipo msingi wa hesabu inayoitwa vifo vya ziada. Mhesabu haanzi kwa kuuliza kila marehemu ameuawa na nini. Huuliza kwanza ni watu wangapi wangalikufa kama mwaka ungalikuwa wa kawaida. Kisha hutazama ni wangapi waliokufa kwa hakika. Tofauti iliyopo ndiyo mzigo wa janga. Katika karne ya kumi na tisa William Farr, aliyekuwa mwanatakwimu katika ofisi ya uandikishaji ya Uingereza, aliitumia njia hiyo kwa homa ya mafua iliyoingia London mwaka 1847. Alionyesha kwamba vifo vilivyoletwa na homa hiyo vilikuwa vingi kuliko vile vilivyoandikwa kwa jina lake, kwa kuwa vingine vilifichama chini ya maradhi ya kifua na ya uzee.

Lakini Farr alikuwa na daftari. Sheria ya kuandikisha vifo ilikwisha anza kufanya kazi Uingereza mwaka 1837. Katika sehemu kubwa ya Afrika, mtu huzaliwa, huishi na kuzikwa bila jina lake kuandikwa popote. Mahali pasipo na hesabu ya miaka ya amani, hesabu ya mwaka wa msiba haina cha kulinganishwa nacho.

Bahati ya Lusaka ni kwamba sehemu kubwa ya maiti wa mji huo, wenye watu zaidi ya milioni mbili, hupitia nyumba ya maiti ya Hospitali ya Chuo Kikuu kabla ya kuzikwa, ili jamaa wapate hati ya mazishi. Hupitia hapo waliofia wodini, na hupitia hapo pia waliofia majumbani. Kwa hiyo daftari la mazishi la hospitali hiyo likawa kioo cha mji mzima.

Kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti wa Zambia pamoja na wenzao wa Marekani walifanya jambo ambalo lilikuwa halijafanywa na wengi. Waliwapima marehemu. Katika maiti 364 waliopatikana majibu, virusi vilionekana kwa 58 kwa kipimo cha kawaida, na kwa 70 kilipotumika kipimo kinachonasa hata dalili hafifu ya virusi. Kwa maneno mengine, karibu maiti mmoja katika kila watano alikuwa na virusi hivyo. Kati ya hao 70, watu 51 walifariki nje ya hospitali, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Kwa wale 19 waliofia hospitalini, waliopimwa walikuwa sita tu. Wala haikuwa kwamba ugonjwa ulijificha: katika watu 52 ambao habari za maradhi yao zilipatikana, 44 walikuwa na kikohozi, homa au kukosa pumzi. Wengi walikuwa pia na kifua kikuu, shinikizo la damu au UKIMWI, na ni rahisi kuona jinsi kifo cha mtu wa namna hiyo kinavyoandikwa kwa jina la maradhi ya zamani.

Utafiti huo uliporudiwa kati ya Januari na Juni 2021, karibu theluthi moja ya maiti waliopimwa walikutwa na virusi.

Hata hivyo, kukutwa na virusi si hoja ya mwisho. Mtu aweza kufa kwa ajali ya gari naye ana virusi puani. Ndiyo sababu kipimo cha maiti kilihitaji kuungwa mkono na hesabu ya makaburi. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2023. Wataalamu walilinganisha mazishi yaliyoandikishwa Lusaka mwaka 2020 na yale ya kabla ya janga, wakatazama pia umri wa marehemu. Walikadiria vifo 3,212 vya ziada, yaani ongezeko la asilimia 18.5 juu ya kawaida. Hawakudai kwamba tarakimu hiyo ni sahihi hadi mtu wa mwisho. Walisema ukweli waweza kuwa popote kati ya 2,104 na 4,591. Lakini hata kima cha chini kabisa ni watu zaidi ya elfu mbili, katika mji mmoja, katika mwaka mmoja.

Lililo kubwa zaidi ni hitimisho lao. Ukizingatia kwamba watu wa Lusaka wengi ni vijana, ugonjwa huo uliua pale kama ulivyoua penginepo. Hapakuwa na muujiza wa kuelezwa.

Ni kweli kwamba hesabu ya namna hii ina mitego yake. Mji unaokua kila mwaka huongeza mazishi hata pasipo janga. Jamaa wengine husafirisha marehemu wao wakazikwe kijijini, nao huponyoka katika daftari la mji. Vifo vya ziada huchanganya pia walioathiriwa na virusi na wale waliokosa matibabu ya maradhi mengine kwa hofu ya kwenda hospitali. Na amri za kubaki majumbani huweza kupunguza ajali za barabarani. Mwenye kukadiria kwa uaminifu huyataja hayo yote, kisha hutoa kima cha chini na kima cha juu.

Wala Lusaka haikuwa peke yake. Katika Afrika ya Kusini, ambako vifo huandikishwa vizuri zaidi, vifo vya ziada vilivyohesabiwa hadi mwaka 2022 vilipita 300,000, hali vile vilivyotangazwa rasmi kuwa vya UVIKO-19 vilikuwa kama laki moja. Ng'ambo ya bahari, katika mji wa Aden uliovurugwa na vita, watafiti walilazimika kuhesabu makaburi mapya kwa picha zilizopigwa na setilaiti, wakakadiria mazishi 2,120 ya ziada kati ya Aprili na Septemba 2020. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwezi Mei 2022 kwamba vifo vya ziada vya miaka miwili ya 2020 na 2021 vilifikia milioni 14.9, wakati vilivyoripotiwa vilikuwa milioni 5.4.

Mtu aweza kuuliza hesabu hizi zina faida gani kwa waliokwisha zikwa. Faida yake ni kwa walio hai. Mwaka 2021, mataifa tajiri yalipokuwa yakijilimbikizia chanjo, hoja kwamba Afrika haikuumia sana ilikuwa kisingizio chepesi cha kuiweka Afrika nyuma ya foleni. Taifa lisilo na hesabu ya wafu wake huenda kwenye mkutano wa kudai haki likiwa mikono mitupu. Mama aliyefia nyumbani kwake Kanyama au Chawama, bila kupimwa na bila oksijeni, alinyimwa haki mara mbili: kwanza alikosa matibabu, kisha kifo chake kikatumiwa kama ushahidi kwamba hapakuwa na ugonjwa.

Kuandikisha kifo si kazi ya wakati wa janga. Ni kazi ya kila siku, katika kila kijiji na kila mtaa, miaka ambayo hakuna anayeiona haja yake. Karani mwenye daftari ni mlinzi wa afya ya taifa kama alivyo daktari. Hilo ndilo funzo linalotoka Lusaka, na nchi jirani zitafanya vema kulishika kabla ya janga lingine kubisha hodi.