Kabla ya viza kulikuwa na mkataba



Kuna dhana moja inanikera kwa muda mrefu. Kwamba kwenda ng'ambo kutafuta kazi ni ugonjwa wa kizazi chetu. Wazee wetu, tunaambiwa, walikaa nyumbani, wakalima pamba, wakachunga ng'ombe, wakaridhika. Sisi vijana ndio tumeingiwa na tamaa ya majuu. Nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia msibani, na niliisikia hata chuoni kutoka kwa mhadhiri ambaye shahada zake mbili alizisomea nje. Mimi nasema si kweli, na leo naomba mnivumilie nieleze kwa nini. Suala lenyewe limeshaingia nyumbani kwetu, nitafika huko.

Tuanze 1875. Februari mwaka ule Henry Morton Stanley alifika Kageyi, kijiji cha ufukweni upande huu wa Mwanza, akiwa na boti yake Lady Alice. Shule ya msingi tulifundishwa kwamba Stanley alilizunguka ziwa. Sawa, alilizunguka. Lakini boti ilifikaje? Iliundwa Uingereza kwa vipande, na vipande vile vilisafiri kutoka Bagamoyo hadi hapa juu ya mabega ya watu. Watu wale hawakuokotwa njiani. Wengi waliandikishwa Zanzibar, wakakubaliana mshahara, wakapokea malipo ya awali, ndipo wakaondoka. Huo ni mkataba wa kazi, ndugu msomaji, na kazi yenyewe ilikuwa ya mbali na nyumbani.

Na huku bara upagazi ulikuwa fani kabla Stanley hajazaliwa. Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma walitembea miezi na miezi kwenda pwani na kurudi, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 hadi 70, chini ya kirangozi aliyejua njia, maji na tabia za watemi. Walijua thamani yao. Malipo yakiwa mabaya waligoma, wakizidiwa walitua mizigo wakatoroka, na mzungu akabaki porini na masanduku yake. Wengine walikwenda wasirudi. Msiri, Mnyamwezi, alielekea Katanga na watu wake katikati ya karne ya 19, akaanzisha dola yake Bunkeya, na akauawa kwa risasi huko huko Desemba 1891 alipokataa bendera ya Mfalme Leopold. Wajukuu wa wale waliomfuata bado wapo Kongo, wanaitwa Bayeke. Hao nao tuseme waliingiwa na tamaa ya majuu?

Sasa tuvuke ziwa twende Kisumu, maana huko ndiko yalikotokea mambo yanayofanana zaidi na viza ya leo.

Waingereza walipoamua kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwani mwaka 1896, walihitaji waashi, maseremala, wahunzi, wapima ardhi na makarani. Wakawatafuta India. Lakini sheria ya India ya wakati ule haikuruhusu kibarua kuchukuliwa hivi hivi kupelekwa Afrika Mashariki, ikabidi ibadilishwe kwanza. Kisha ukaja mkataba: miaka 3, mshahara wa mwezi kwa rupia, posho ya chakula, na nauli ya kurudi. Mtu alichapa kidole gumba, akapanda meli. Walioletwa walikuwa 31,983. Waliokufa 2,493. Mkataba ulipokwisha wengi walirudi kwao, na 6,724 wakabaki.

Hizo namba nimezirudia mara nyingi kichwani. Kwa kila watu 100 waliopanda meli, karibu 8 hawakuiona tena India. Simba wa Tsavo ndio waliotungiwa filamu, lakini malaria, kuhara damu na ajali ndivyo vilivyoua. Hata hivyo meli zilizofuata zilijaa. Aliyeko kijijini Punjab na deni la mkopeshaji mlangoni alipiga hesabu yake, akaona bora aende. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na meli SS William Mackinnon, iliyoletwa kwa vipande kutoka Scotland, tayari ilikuwa majini. Wajukuu wa baadhi ya mafundi wale ndio wenye maduka na karakana tunazozijua, Kisumu na hapa Mwanza. Neno Kalasinga kwa wazee wetu lilikuwa karibu sawa na fundi.

Habari ya manamba nitaipita haraka, imeandikwa sana. Ile ilikuwa safari ya ndani, kwenda mkonge wa Tanga na Morogoro, na Wasukuma wengi waliiacha pamba ilipoanza kulipa hapa hapa nyumbani. Sitaki kuwachanganya wale na wenye ujuzi. Nasema tu kwamba miguu ya watu wa kanda hii haijawahi kutulia.

Mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja, East African Railways and Harbours. Hapo ndipo ukapatikana, kwa maoni yangu, utaratibu mzuri kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Fundi wa meli aliyezaliwa Ukerewe aliweza kupangiwa karakana ya Kisumu, akahamishiwa Port Bell, akastaafia Mwanza South, mwajiri akiwa yule yule. MV Victoria iliundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi 1961, na mabaharia wake walitoka kila pembe ya ziwa. Wazee waliofanya kazi kwenye meli zile ukiwauliza kuhusu kibali cha kazi wanakucheka. Barua ya uhamisho ilitosha.

Kisha 1977 Jumuiya ikavunjika. Februari mwaka ule mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Tafakari: mtu ana miaka 15 kazini Kisumu, watoto wanasoma huko, nyumba ya shirika, halafu asubuhi moja yeye ni mgeni. Wakenya waliokuwa Mwanza nao hivyo hivyo. MV Victoria ikabaki kwetu. Mafao ya wafanyakazi yakawa kesi ya miaka na miaka, na ilipofika 2005 ndipo serikali na wastaafu wakafikia makubaliano mahakamani, na hata baada ya hapo malalamiko hayakuisha. Wengine walikufa wakiwa na bahasha za vielelezo chini ya godoro.

Soko la Pamoja la Jumuiya mpya lilianza Julai 1, 2010, na kwenye karatasi mfanyakazi ana haki ya kuvuka. Kwenye karatasi. Kila nchi iliweka jedwali la fani inazozifungulia, na jedwali letu Tanzania lilikuwa la uangalifu mno. Tulikuwa na hofu na Wakenya, tuseme ukweli.

Uingereza nayo ina historia yake, na hii wengi hawaijui. Kabla ya Julai 1, 1962 raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola aliingia Uingereza bila kizuizi na kutafuta kazi. Siku hiyo ilianza sheria mpya iliyoleta vocha za ajira za madaraja matatu. Vocha A ni ya mtu ambaye tayari ana mwajiri anayemsubiri. Vocha B ni ya mwenye ujuzi unaohitajika, kama daktari, muuguzi au mwalimu. Vocha C ni ya wengine wote, na hiyo ilifutwa kabisa 1965. Sasa piga hesabu. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. Yaani tulikuwa taifa huru ndani ya Jumuiya ya Madola, na mlango ukiwa wazi, kwa muda usiofika miezi 7.

Ukiitazama vocha ile vizuri utaona ndiyo viza ya leo iliyobadilishwa shati. Mwaka 1973 zikaja sheria za vibali vya kazi, 2008 ukaja mfumo wa pointi, na Desemba 2020 ikaanza viza yenyewe ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Unatakiwa uwe na pointi 70: mwajiri mwenye leseni aliyekupa cheti cha udhamini, kazi ya kiwango kinachokubalika, Kiingereza, na mshahara. Vocha A na B zimefungwa kamba moja. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa pauni 25,600 kwa mwaka, kikapanda hadi 38,700 Aprili 2024, halafu 41,700 Julai 2025. Kazi ya uandishi wa habari imo kwenye orodha, wadau. Nimeangalia. Mhariri wa kule atakayenipa pauni 41,700 kwa habari za mwalo wa Kirumba bado hajazaliwa.

Kwa wauguzi kima ni cha chini zaidi, na hapa ndipo suala linapoingia kwetu. Mdogo wangu wa kike ni muuguzi mwenye shahada, zamu zake ni hospitali moja ya jijini. Anataka kwenda. Mama anataka aende, na amesema yuko tayari kuuza kiwanja cha Igoma, ambacho marehemu baba alikinunua kwa miaka minne ya kulipa kidogo kidogo. Mimi ndiye kaka, nimeulizwa rai yangu, na mpaka naandika haya sijatoa.

Kilichonishitua ni huu mpangilio. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi 55, iliyotolewa 2023, zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya. Tanzania imo. Uingereza inaiheshimu orodha hiyo, kwa hiyo hospitali zake na mawakala wao hawaruhusiwi kuja huku kuajiri. Lakini muuguzi akiomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri, anaruhusiwa. Kenya wao walisaini makubaliano na Uingereza Julai 2021, na wauguzi wao wakapata njia ya serikali kwa serikali. Kwa hiyo muuguzi wa Kisumu ana njia iliyosainiwa, na muuguzi wa Mwanza, anayekunywa maji ya ziwa lile lile, anatafuta peke yake usiku kwenye simu. Orodha iliwekwa kutulinda. Inalinda wodi, hilo silikatai. Anayebaki bila ulinzi ni yeye, kwa sababu hapo katikati anajitokeza mtu wa kumsaidia.

Na amejitokeza. Kuna wakala, jina lake naliacha, anayemtaka mdogo wangu atoe fedha za kununua cheti cha udhamini. Cheti hicho kinatolewa na mwajiri, hakiuzwi, na mwongozo wa Uingereza wa kuajiri watumishi wa afya unakataza kumtoza mwombaji ada ya kupatiwa kazi. Hiki ndicho kitu pekee nilichomwambia kwa uhakika: usitoe hata shilingi. Walezi wa wazee walipofunguliwa viza hiyo Februari 2022, watu wengi wa Afrika walilipia vyeti, wakafika, wakakuta kazi haipo. Julai 2025 mlango huo ukafungwa kwa waombaji wa nje.

Kabla hatujailaumu Uingereza, tujiangalie. Sisi nasi tuna vocha zetu. Rubani aliyekuja na ndege kubwa za mizigo kuchukua minofu ya sangara, mhandisi wa dhahabu Geita na Bulyanhulu, fundi wa Kichina wa daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025, hawa wote ni wageni wenye ujuzi. Sheria yetu ya 2015 inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba Mtanzania wa kazi ile hakupatikana, na aweke mpango wa Mtanzania kurithi nafasi. Ni hoja ile ile ya London, kwa Kiswahili.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha 2017. Madaktari wa Kenya waligoma siku 100. Machi mwaka ule Rais Magufuli alikubali kuwapa Wakenya madaktari wetu 500. Nafasi zikatangazwa, vijana wakaomba. Nilidhani mtandao ungelipuka kwa hasira kwamba tunapeleka madaktari nje wakati zahanati zetu hazina mtu. Wapi! Kilichojulikana ghafla ni kwamba tunao mamia ya madaktari waliohitimu, wenye leseni, wasio na ajira. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, mpango ukasimamishwa, na Aprili Rais akaamuru 258 kati ya walioomba waajiriwe hapa hapa nyumbani. Yaani ilibidi jirani aombe ndipo nafasi za kuwaajiri zipatikane.

Hilo ndilo ninaloliweka mbele kila mtu anaponiambia mdogo wangu anaikimbia nchi. Anaikimbia wodi yenye wagonjwa wengi kuliko wauguzi, wakati wenzake aliosoma nao wapo mtaani wanauza vitenge. Upungufu na ukosefu wa ajira vinakaa nyumba moja, na hakuna orodha ya Geneva inayoweza kuvitenganisha.

Mama ameniomba jibu kabla ya mwisho wa mwezi, mnunuzi wa kiwanja hasubiri. Wakati huo nina ombi kwenu. Kama una mzee nyumbani aliyekwenda Uingereza miaka ya 60 kwa vocha, au aliyekuwa karakana ya Kisumu hadi 1977, na bado ana ile karatasi, niandikie. Nitasafiri kuja kuiona, iwe Musoma, Bukoba au Tarime. Nataka niiweke mezani karibu na fomu ya mdogo wangu nizisome kwa pamoja.